Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Ifo nayo iingie kwenye hesabu

Mheshimiwa Aden Duale,
Waziri wa Afya, Nairobi.



Wewe ni mwana wa Garissa, kwa hivyo sina haja ya kukueleza umbali wa kutoka kambi yetu ya wakimbizi ya Ifo, Dadaab, hadi hospitali ya rufaa mjini, wala hali ya barabara ile mvua inaponyesha. Nakuandikia kuhusu hesabu.

Mwishoni mwa Aprili 2020 Serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika kambi za Dadaab na Kakuma. Hofu ilikuwa na msingi. Kambi za hapa zilianza 1991 zikikusudiwa watu 90,000, na mwaka ule wa korona tulikuwa zaidi ya 200,000. Ninachouliza ni kama kuna aliyekaa chini akapima gharama ya kufunga dhidi ya maisha yatakayookolewa. Wachuuzi wa soko la Bosnia wanategemea mzigo kutoka Garissa na Nairobi. Ni wangapi waliokula mtaji wao? Ni wagonjwa wangapi walioahirisha safari ya matibabu kwa kukosa kibali? Ni watoto wangapi waliokosa chanjo ya surua kwa sababu mama zao waliogopa kliniki? Sisi wakazi hatujaonyeshwa hesabu hiyo.

Na Kenya haikosi wa kuifanya. Mwaka 2021 Edwine Barasa na wenzake wa taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome Trust walichapisha gharama za kumhudumia mgonjwa wa korona nchini. Mgonjwa asiyezidiwa, akitunzwa nyumbani, aligharimu karibu shilingi 2,000 kwa siku. Huyo huyo akitengwa hospitalini au kituoni, karibu 6,700. Aliyezidiwa na kulazwa wodini, zaidi ya 13,000. Wa chumba cha mahututi, zaidi ya 63,000. Siku moja ya mahututi ni sawa na siku zaidi ya 30 za kumtunza mtu nyumbani. Nchi isiyo na fedha nyingi inahitaji kuziona namba hizo kabla ya kuamua ianze kununua nini: oksijeni, mashine za kupumulia, au chanjo za wazee.

Lakini namba za kitaifa hazitoshi, Mheshimiwa. Huduma ya nyumbani ni rahisi pale penye chumba cha kumtenga mgonjwa. Katika bloku zetu familia nzima hulala chumba kimoja, na choo hutumiwa na majirani. Huku, shilingi 2,000 zile zinaweza kununua maambukizi ya watu wanane. Huenda banda la kutengea wagonjwa katika kila bloku lingekuwa nafuu kuliko vyote. Huenda isiwe hivyo. Hilo hujulikana kwa kupima, kwa bei za Ifo na kwa umri wa watu wa Ifo, ambao wengi wao ni watoto. Kanuni ya kukaa nyumbani iliyotungwa kwa ajili ya nchi yenye wazee wengi, ambako mtu hufanya kazi sebuleni na mshahara ukaingia, haiwezi kuletwa huku kama ilivyo.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi. Polio ilipozuka Dadaab 2013, virusi havikuuliza nani ni mkimbizi, na waliopanga chanjo hawakuuliza pia. Desemba mwaka huo watoto wa kambini na wa jamii wenyeji walipewa sindano na matone pamoja.

Leo hali ni ngumu kuliko 2020. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Familia iliyobaki na mgao huo haiwezi kukaa ndani siku 14 kwa kuamriwa tu, na amri isiyoandamana na chakula itavunjwa kwa njaa. Kwa hiyo gharama ya chakula hicho iandikwe kwenye bajeti ya mlipuko, mstari mmoja na barakoa na vipimo.

Ombi langu ni hili. Waagize wataalamu wa uchumi wa afya waandae sasa, kabla ya mlipuko mwingine, hesabu ya Dadaab: kufunga kambi, kufunga bloku moja moja, kutenga wagonjwa, kuchanja wazee kwanza, kila njia na gharama yake na maisha inayookoa, wakimbizi na wenyeji wakihesabiwa pamoja. Ichapishwe kwa Kiswahili na Kisomali, na viongozi wa bloku waalikwe kuihoji kabla hujaitia sahihi.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Ifo, Dadaab