Lugha Iliyoishi Kuliko Kampuni Yake

Katika masomo ya kompyuta, modemu ya kupigia simu hutajwa kama kitu cha kale, kisha mwalimu hugeuza ukurasa. Haraka hiyo haina faida. Modemu ya mezani imekwisha kutoweka katika ofisi nyingi, lakini lugha iliyoiamrisha ingali ikifanya kazi, hata Rusumo wilayani Ngara.

Mwaka 1981 Dennis Hayes na Dale Heatherington, wa jimbo la Georgia, Marekani, walitoa modemu iliyopokea amri kwa waya uleule uliopitisha habari. Amri zilianza kwa herufi AT, ufupisho wa neno la Kiingereza la kumtaka mtu asikilize. ATD ikifuatwa na namba ilipiga simu, ATH ilikata. Alama +++, zikitanguliwa na kufuatwa na kimya kifupi, ziliirudisha modemu katika hali ya kungoja amri. Kampuni ya Hayes ilikuwa na hataza juu ya mbinu ya kimya hicho, nayo iliipigania mahakamani. Maneno ya amri washindani waliyanakili. Kampuni ikafilisika katika miaka ya 1990. Lugha ikaingizwa katika viwango vya kimataifa vya simu, kisha katika vile vya simu za mkononi.

Rusumo ndipo manufaa yake yanapodhihirika. Mto Kagera ni mpaka na Rwanda, na mawimbi ya redio hayasimami darajani kugongewa muhuri. Kifaa chenye laini ya simu, tuseme kipimo cha maji kinachotuma takwimu, chaweza kusikia mitandao ya nchi mbili na kujiunga na ule wa ng'ambo, kwa gharama ya mwenyewe. Amri AT+COPS huorodhesha mitandao inayosikika na kumwezesha fundi kuchagua: namba zinazoanza na 640 ni za Tanzania, 635 za Rwanda. AT+CSQ hutaja nguvu ya mawimbi, kuanzia 0 hadi 31.

Hilo pekee ni jaribio zuri la fizikia. Modemu nyingi za kuchomeka kwenye kompyuta huzikubali amri hizi. Wanafunzi wapime kilimani na bondeni, wachore grafu, wajadili kwa nini bonde la mto husikia hafifu.

Halmashauri na miradi inayonunua vifaa haina budi kumwuliza muuzaji, kabla ya bei, iwapo kifaa kinatii amri zilizotangazwa hadharani. Vinginevyo, siku muuzaji atakapofunga duka, fundi wa wilaya hatakuwa na neno la kukiambia.