NDEGE SI JIWE

Kila Jumamosi jioni utawaona vijana uwanjani wakirusha ndege zao za karatasi ngumu na vijiti. Ndege ikianguka mara mbili, basi! Kicheko, kejeli, na ndege yenyewe inakanyagwa. Ati aliyeiunda hajui kitu. Mimi nakataa. Waswahili husema mchagua jembe si mkulima, na mara nyingi ndege haina kosa lolote. Kosa ni la mkono.

Wengi hurusha kama wanaoangua maembe kwa mawe: nguvu nyingi, pua juu. Ndege inapanda kidogo, mwendo unaisha, mabawa yanakosa hewa ya kuyabeba, halafu inaporomoka puu! Jamani, ndege si jiwe. Ishike chini ya mabawa, karibu na pale inaposimama sawa ukiibeba kwa ncha za vidole viwili. Mabawa yasilale upande, pua ielekee mbele au iiname kidogo tu. Kisha isukume moja kwa moja, kwa mwendo ule ule inaotaka kuruka nao, wala usiikatishe mkono ghafla. Na ukabili upepo, usiupe mgongo. Hata Orville Wright, kule Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, aliruka akiukabili upepo mkali, na safari hiyo ya kwanza ilichukua sekunde 12 tu. Nani angemcheka?

Ikiwa umeirusha vizuri na bado inainua pua, bandika udongo kidogo puani. Ikipiga mbizi, upunguze, au kunja ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo, kidogo kabisa. Jaribu penye nyasi ndefu, asubuhi upepo ukiwa umetulia, na ubadilishe kitu kimoja kwa mara moja. La sivyo utajuaje kilichosaidia ni kipi?

Wako wanaosema huu ni mchezo wa watoto. Sawa. Mwaka 1878 Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe kidude cha kuchezea kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, nao ukubwani walikitaja kuwa ndicho kilichowatia hamu ya kuruka.

Kwa hivyo naomba chama cha sayansi kiwape wanafunzi wageni uwanja Jumamosi asubuhi, na kila ndege irushwe mara kumi kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa kucheka. Hiyo tabia ya kuzikanyaga, mwalimu wa zamu aikomeshe wiki hii hii.