Mlinzi ndani ya kontena

Jamani, leo tuongee mambo ya kompyuta, ila tuanzie ghalani. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga, na hapa Ifakara kila mtu anajua kazi ya mlinzi wa ghala. Ukimfungia ndani ataona magunia tu, mwizi akivunja nyumba kubwa hana habari. Ukimkabidhi funguo zako zote, basi omba Mungu awe mwaminifu.

Ndivyo ilivyo kwa vijana wetu wa IT wanaoendesha programu ya kukagua usalama ndani ya kontena. Sisemi kontena la kuuzia soda na vocha! Tangu Docker itoke mwaka 2013, imekuwa kawaida kufunga programu na vikorokoro vyake pamoja, ikaendeshwa bila kuchafua seva. Amri moja, ripoti inatoka. Safi sana.

Shida inaanza pale mkaguzi anapotaka kuona nje ya kontena. Docker Bench for Security, kwa mfano, inapoendeshwa hivyo hupewa soketi ya Docker. Mwenye soketi hiyo anaweza kuamuru lianzishwe kontena jingine lenye mamlaka juu ya seva nzima. Wengine wanajifariji kwamba wameiweka "kusoma tu". Wapi! Hiyo inalinda faili lenyewe, amri zinapita kama kawaida.

Na usiniambie kifaa cha ukaguzi hakiwezi kugeuka. Mwaka 2021 wahalifu walitumia kosa katika utengenezaji wa imeji ya Docker ya kampuni ya Codecov, Marekani. Walipata ufunguo, wakabadilisha skripti ambayo wateja waliiendesha kila siku kwa imani. Ilianza kuchezewa 31 Januari, ikagundulika 1 Aprili. Miezi miwili siri za watu zinatoka!

Kwa nini nayasema haya Ifakara? Kwa sababu tangu 1996 watafiti wa afya hapa wamekuwa wakiandika habari za kaya za Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Simnyooshei mtu kidole. Nakumbusha tu kwamba ndani ya seva mna watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inalijua hilo.

Tufanyeje basi? Kama unakagua imeji, ihifadhi kama faili, mpe mkaguzi faili hilo tu. Trivy inaweza kulisoma bila kupewa soketi. Pakua kwanza orodha ya udhaifu unaojulikana, kisha kata mtandao. Taja toleo kamili la kifaa, usichukue tu "la karibuni". Mipangilio ya seva yenyewe ikaguliwe na msimamizi wake, kwa skripti aliyoisoma.

Ripoti ya kijani si ulinzi, wandugu. Kabla ya kuuliza mkaguzi kaona nini, uliza umempa funguo zipi. Au nyie mnasemaje?