UKURASA WA BWANA SHAMBA: Tangazo Lililomwua Ng'ombe

Mwezi huu nataka kuzungumza nawe juu ya karatasi moja. Karatasi hiyo niliiandika mimi mwenyewe mwaka 2020. Niliibandika mlangoni pa kituo cha mifugo. Ilikuwa na maneno machache tu. Lakini maneno hayo yalimpotezea mama mmoja ng'ombe wake.

Bila shaka unaukumbuka mwaka ule. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ndugu Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana nchini, mkoani Arusha. Siku iliyofuata Serikali ilitangaza kufunga shule. Huku kwetu Vugiri masika yalikuwa yameanza. Barabara ya kushuka Korogwe ilikuwa tope tupu. Watu walikuwa na hofu. Wengine waliniuliza, "Bwana Shamba, je, ng'ombe na kuku wetu watatuletea Korona?" Niliwajibu kuwa Korona hupita kutoka mtu hadi mtu, kwa mate, makohozi na pumzi. Tusiwaogope ng'ombe. Tuogope kusongamana.

Kituo kilikuwa chumba kimoja kidogo. Siku ya dawa watu walijaa ndani, bega kwa bega. Mwenzangu Bwana Mifugo na mimi tuliona hatari hiyo. Basi nikaandika hivi: "KWA SABABU YA KORONA, HUDUMA ZIMESIMAMA. MSIJE KITUONI."

Mama ninayemsema ni mjane. Anakaa kitongoji cha mbali. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la elimu ya watu wazima. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Siku moja ng'ombe aliacha kula. Tezi za chini ya masikio zilivimba. Mwili ulikuwa moto. Mama alitembea mpaka kituoni, akaisoma karatasi yangu, akarudi nyumbani.

Baada ya siku nne nilipita kitongojini kwake. Nilikuta ng'ombe amekwisha kufa. Povu lilikuwa bado puani. Mama aliniambia, "Bwana Shamba, mimi nilikuja. Nilisoma mwenyewe, sikusomewa. Karatasi yako ilisema msije."

Nilikosa la kusema. Mama alisoma sawasawa. Aliyekosa ni mwandishi.

Dalili zile zilikuwa za ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe. Ng'ombe hupata homa kali, nyuzi 40 au zaidi. Tezi huvimba, kisha mapafu hujaa maji, naye hushindwa kuhema. Dawa ipo, lakini husaidia ikitolewa mapema. Ukichelewa siku nne, mara nyingi utaitupa dawa bure. Ndigana haikusubiri Korona iishe.

Jioni ile Bwana Mifugo na mimi tuliing'oa karatasi. Tulikubaliana jambo moja: ugonjwa wa watu ukiingia, tubadili namna ya kutoa huduma. Tusiifunge huduma.

Haikuwa Vugiri peke yake. Mwaka ule ule, huko Uingereza, kliniki nyingi za wanyama zilimtaka mwenye mnyama abaki nje, ndani ya gari lake. Mganga alimchukua mnyama, akamtibu, akamrudisha. Mazungumzo yalifanyika kwa simu. Sisi hatuna magari, lakini miti ya kivuli tunayo. Tulifanya hivi:

1. Taarifa kwanza. Mwenye ng'ombe mgonjwa alipiga simu kabla ya kuja. Asiye na simu alikwenda kwa balozi. Tulimwuliza: Je, anakula? Anacheua? Tezi zimevimba? Anakohoa? Kinyesi kikoje? Ana mimba? Kwa majibu hayo Bwana Mifugo alijua abebe dawa gani, na aanzie nyumba ipi.

2. Kutenganisha kazi. Kukata pembe, kuhasi na kukata kwato kulingoja. Lakini homa, tumbo kujaa gesi na ng'ombe kushindwa kuzaa havikungoja hata siku moja.

3. Kazi ilifanyika nje. Ng'ombe alifungwa kwenye mti au kwenye kizuizi cha miti kabla mganga hajafika. Mtu mmoja tu alimshika. Wengine walikaa mbali. Mganga na mshikaji walivaa barakoa, kwa sababu hao wawili hawawezi kuachana. Mwenye kukohoa hakushika. Jirani yake alimsaidia.

4. Kibuyu chirizi mlangoni pa banda. Ni dumu la maji, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu na kipande cha sabuni. Mganga alinawa alipofika na alipoondoka. Mwenye ng'ombe naye alinawa.

5. Chanjo ya kideri kwa zamu. Zamani tuliwaita watu wote mahali pamoja, kila mtu na tenga lake la kuku. Kukusanya kuku hivyo si kuzuri hata kwa kuku wenyewe, maana aliye mgonjwa huwaambukiza wengine. Mwaka ule tulipita nyumba kwa nyumba, asubuhi na mapema, kuku wakiwa bado ndani. Chanjo ni tone moja katika jicho la kila kuku. Tuliibeba mahali pa baridi, mbali na jua. Kuku waliochanjwa waliongezeka, kwa kuwa hata wazee wasioweza kutembea walifikiwa.

Karatasi mpya tuliiandika hivi: "TUPO. MNYAMA AKIUMWA, PIGA SIMU AU MTUME MTU LEO LEO. UKIFIKA, KAA CHINI YA MTI. NAWA MIKONO. TUTAKUFUATA." Tuliweka na namba ya simu, kwa tarakimu kubwa.

Ndugu msomaji, huenda utasema Korona imekwisha, kwa nini ninayarudia haya? Ni kweli kuwa tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura imekwisha. Lakini maradhi hayaishi. Mwaka 2006 na 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliwaua watu na mifugo katika nchi yetu. Ugonjwa ule huenezwa na mbu. Pia humpata mtu anayegusa damu ya mnyama mgonjwa, anayemchinja, au anayemsaidia kuzaa bila kujikinga. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia mkoani Kagera, na mwaka 2025 ukarudi huko huko. Siku nyingine utakuja ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo usiking'oe kibuyu chirizi. Endelea kunawa baada ya kumshika mnyama. Mnyama akitupa mimba, usiiguse kwa mikono mitupu. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo. Safari hiyo haingoji ugonjwa wowote upite.

Na sisi tunaoandika matangazo tuna wajibu wetu. Ukimwambia mtu "usije," mwambie pia afanye nini. Mtu aliyejifunza kusoma kwa taabu huliamini neno lililoandikwa. Tusimdanganye kwa neno lililokatwa katikati.

Nawe msomaji, una haki yako. Ukisoma tangazo linalokufungia mlango, usirudi nyumbani kimya. Bisha hodi. Uliza: "Kama nina shida leo, nifanye nini?" Kujua kusoma ni pamoja na kuliuliza swali lile ambalo karatasi haikulijibu.

Mama yule hajapata ng'ombe mwingine mpaka leo. Anafuga mbuzi wawili. Kila nikipita kwake tunasalimiana vizuri, ananikaribisha na chai. Mwezi uliopita mbuzi mmoja aliharisha. Alinipigia simu alfajiri, kabla sijaamka. Mbuzi yule amepona.