Diski Kubwa, Namba Fupi

Na Shabani Mwinyimvua

Katikati ya miaka ya 1990, mwenye kompyuta ya 486 aliyenunua diski kuu ya megabaiti 850 alijionea jambo la ajabu. Alifungua kasha, akachomeka waya bapa, akawasha mashine na kuingia kwenye menyu ya baiosi, programu inayoiamsha kompyuta. Silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63. Jumla, megabaiti 504. Zaidi ya theluthi ya alicholipia haikuonekana.

Diski ilikuwa nzima kabisa. Kilichopungua ni anwani. Kompyuta za wakati huo ziliisaka data kama tarishi anayeuliza mtaa, nyumba na chumba: silinda ipi, kichwa kipi, sekta ipi. Baiosi iliruhusu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63, yaani gigabaiti 8 na ushei. Kiwango cha ATA, kilichounganisha diski na mashine, kiliruhusu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255, kama gigabaiti 137. Kila upande ulikuwa na nafasi tele. Lakini anwani moja ilibidi ipite kote kuwili, basi ikabanwa na namba ndogo ya kila fungu: 1,024 ya huku, 16 ya kule, 63 ya huku tena. Zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 528,482,304, ndizo zile megabaiti 504 za menyu ya baiosi.

Hapo ndipo panapouma. Hakuna anayeweza kuwalaumu wahandisi wa IBM, walioweka ukomo wa baiosi, kwa kutoiota gigabaiti mwaka 1983, maana kompyuta yao ya XT ilitoka na diski ya megabaiti 10, na ilionekana kubwa. Lawama ni ya waliokuja baadaye bila kulinganisha majedwali yao na ya wenzao, ilhali onyo lilikwishatolewa. MS-DOS ya awali ilihesabu sekta zisizozidi 65,536, kwa hiyo sehemu moja ya diski iliishia megabaiti 32. Mwaka 1987, mwenye IBM PS/2 Model 60 yenye megabaiti 44 alilazimika kuikata diski yake vipande viwili, C na D.

Gharama ilimwangukia mnunuzi. Wengi walipewa programu kama Disk Manager ya Ontrack, iliyojipachika mwanzoni mwa diski na kutafsiri anwani kila mashine ilipowaka. Ilifanya kazi, mpaka siku mtu alipowasha kompyuta kwa disketi bila kuipitia. Diski iliyojaa ilionekana haina kitu, na aliyeharakisha kuiumbiza upya alipoteza kila alichohifadhi.

Dawa ilikuwa kuhesabu sekta mfululizo kuanzia sifuri, bila silinda wala vichwa. Hata hivyo, ATA ilitenga biti 28 tu kwa hesabu hiyo, na ukomo ukabaki gigabaiti 137. Mwaka 2001 kampuni ya Maxtor ilitoa diski ya gigabaiti 160. Kiwango cha ATA-6, chenye anwani za biti 48, kiliidhinishwa mwaka 2002.