Prototaipu zetu zinadanganya

Jamani, hili la prototaipu limenichosha. Kwa asiyejua, prototaipu ni mfano wa programu unaobonyezeka kama programu yenyewe, ila nyuma yake hakuna kitu. Huundwa ili watu waijaribu kabla hatujamaliza miezi tukiandika programu kamili. Sasa wasanifu wetu wanadhani uhalisi ni mapambo: kurasa zinateleza, vitufe vinameremeta. Hivyo ni vipodozi tu!

Hebu tazama yaliyomo ndani. Mkulima anaitwa John Doe, anakaa New York, analipwa dola 20. Mpe mtu wa hapa Dallas, Embu (ndiyo, tuna Dallas yetu na haiko Texas) mwenye mibuni kwao Manyatta. Atakuambia "ni nzuri" kwa adabu, kisha akurudishie simu. Lakini mwekee Wanjira, kilo 47.5 za kahawa alizopeleka kiwandani, na malipo kwa shilingi. Atakuuliza: mbona makato hayaonekani? Swali hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta. Majina yabuni, usianike siri za watu, lakini yabuni ya huku.

Na malipo je? Kwenye prototaipu unabonyeza "Lipa", papo hapo "Asante". Kwenye M-Pesa unaweka namba ya siri ya tarakimu 4, kisha unangoja ujumbe. Mara salio halitoshi, mara mtandao umelala. Katika kungoja huko ndipo mtu hubonyeza tena akihofia pesa zimepotea. Basi weka kungoja. Weka na kukataliwa.

M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa mwaka 2005, kabla ya Safaricom kuizindua Machi 2007, haikujaribiwa kwa pesa za kuchora. Wateja wa Faulu Kenya walilipa mikopo yao kwa pesa halisi kupitia mawakala halisi. Ndipo ikaonekana kwamba watu wanatumiana pesa wao kwa wao, na huduma ikageuzwa kufuata hilo. Mchoro mzuri ungeonyesha hayo wapi?

Mtasema hakuna muda. Kuandika mistari 20 ya data inayofanana na maisha ya huku ni kazi ya saa moja. Kile kitufe kinachometameta kilikuchukua siku ngapi?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Prototaipu ikihitaji wewe usimame kando ukiieleza, bado haijawa halisi.