Kabla ya Kumwandikisha Mtoto Nasari

Wananchi wenzangu wa Iftin, kuna mtoto hapo nyumbani aliyefikisha miaka minne? Basi swali la nasari limeshaingia sebuleni. Wengi wetu huanza na karo, kisha sare, kisha basi la shule. Nawaomba tuanzie mlangoni.

Nendeni asubuhi watoto wanapofika, mwombe ruhusa msimame pembeni. Mwalimu anamsalimia mtoto kwa jina? Yule anayelia anashikwa mkono na nani? Hapo utajua mengi kuliko rangi ya ukuta itakavyokwambia. Kisha tazama maji ya kunywa, choo na kivuli. Jua la Garissa mnalijua. Saa sita mchana chini ya mabati yasiyo na dari, hata mtu mzima hasomi.

Na duksi, chuo cha Qurani, je? Watoto wetu wengi huamkia duksi, ubao wa kuandikia aya mkononi, wino wa makaa vidoleni. Kisha ni mbio hadi nasari, na jioni duksi tena. Mtoto wa miaka minne atacheza saa ngapi? Mimi naona heri shule inayoweka maalim na mwalimu wa chekechea chini ya paa moja, wakapangiana saa.

Jambo hilo si geni. Wazazi Waislamu wa Pwani walitaka watoto wao waandaliwe kwa shule bila kuachana na dini, na mwaka 1986 Mwalimu Swafiya Said wa Mombasa akaanza kazi hiyo kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Watoto walijifunza kwa mchezo, kwa vitu vinavyopatikana mtaani, na Qurani ikiwa humo humo. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Sisi tunashindwaje?

Shule ya dini yetu inaweza pia kuwa shule ya jirani. Mtoto wa Mmunyoyaya wa kando ya Tana, mtoto wa muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Kitui, yule asiyejua Kisomali: akiomba maji, ataeleweka? Uliza hivyo kwa upole, hata kama haimhusu mwanao. Na kama una mtoto asiyesikia au asiyetembea, usimweke ndani. Ofisi ya elimu itakuelekeza mahali pa kumfanyia tathmini.

Tukumbuke pia kwamba Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali. Kwa hiyo madarasa ya PP1 na PP2 ya umma ni habari ya kumuuliza MCA wetu, na ya kusemwa vikao vya maoni ya bajeti vinapoitishwa. Mama muuza maziwa ana haki ya kusimama pale sawa na mfanyabiashara mkubwa. Mwenye duka, siku hiyo mruhusu mfanyakazi wako aende.

Akina baba, msiwaachie akina mama peke yao. Siku ya kwanza omba ruhusa kazini, mpeleke mtoto mwenyewe, umjue mwalimu na yeye akujue. Mwambie mwalimu mtoto anapenda nini, anaogopa nini, chakula gani kinamdhuru. Umwachie na namba mbili za simu, yako na ya jirani.